Kaloli wako anaweza kutoka kwenye simu, ila mpe mtu wa kutoka naye

Swali limetoka kwa kijana wa Arua anayeishi Bwaise hapa Kampala, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari mkubwa. Nimetengeneza gemu ya simu, mhusika wake ni kaloli, yule korongo mkubwa wa majaani, anaruka juu ya magari ya taka anaokota buveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa kabla mvua haijaanguka na mtaro kuziba. Mimi nimeandika programu, mchoro ni wa rafiki yangu. Watu wameipenda, na wengi wanampenda yule ndege kuliko gemu yenyewe, kila siku wananiomba stika. Sasa marafiki wananiambia nimfanyie katuni, kitabu cha watoto, hata muvi. Wengine wanasema maskoti wa gemu akitoka kwenye gemu anakufa, angalia Mario alivyoanguka zamani. Ukweli uko wapi? Anaweza kustawi kwingine ama nibaki na gemu yangu?"

Mdogo wangu, anaweza, na usikubali mtu akutishe na stori ya Mario wa zamani, maana hata hiyo stori wengi wanaisimulia nusu. Ila kuna kitu kimoja lazima ukielewe kabla hujamtoa, kwa sababu ukikikosa hapo hata ukipewa studio nzima utatoa kitu ambacho watu wataangalia dakika mbili waendelee na mambo yao.

Kwenye gemu anayetaka ni mchezaji. Mimi nikicheza gemu yako nataka kumaliza chupa kabla mvua haijafika, naogopa, nakasirika nikikosa, nashangilia nikipata, na hizo hisia zote ni zangu, Kaloli hana hata moja. Nikitoa kidole kwenye skrini anasimama pale pale, ni takisi imepaki kwenye steji injini inanguruma na dereva hayupo. Na wala sio ubaya, gemu nyingi nzuri zimejengwa hivo makusudi, mhusika anaachwa mtupu ndani ili wewe uingie. Sasa mpeleke huyo huyo kwenye katuni. Mtazamaji amekaa mikono mitupu, hawezi kumrusha, hawezi kumwokoa, na yule aliyekuwa anataka ameondoka. Usipoweka kitu kwenye hiyo nafasi unabaki na picha nzuri inayotembea basi.

Kwa hivo kazi yenyewe ni hii: kile vidole vya mchezaji vilikuwa vinafanya, kigeuze kiwe hamu ya mhusika mwenyewe, alafu mweke mtu pembeni yake ambaye hiyo hamu inamgusa. Waliofanikiwa wote, ukiangalia vizuri, wamepita hapo.

Tuanze na Mario maana ndo umemtaja. Alizaliwa 1981 kwenye gemu ya Donkey Kong, wakati huo akiitwa Jumpman, na Shigeru Miyamoto aliyembuni alikuwa na nukta chache sana za kuchorea kwenye skrini. Masharubu aliwekewa ili pua ionekane bila kuhangaika na mdomo, kofia ili asichore nywele zinazopepea, ovaroli ili mikono ionekane inavyosogea. Yaani kila kitu mwilini mwake kiliwekwa ili umuone vizuri akiruka, hakuna aliyekaa chini kumwandikia maisha. Ikafika 1993 wakatoa filamu ya watu halisi, Bob Hoskins akawa Mario, John Leguizamo akawa Luigi, Dennis Hopper akawa adui yao. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 48 na kumbi za Marekani zikarudisha kama milioni 21 tu. Wale waandishi waliona mhusika ni mtupu wakadhani wanaweza kumjaza chochote, wakamtupa kwenye mji wa giza wa watu waliotokana na dinosaria, na kuruka kwake, kitu ambacho vidole vya watoto dunia nzima vilikuwa vinakijua, wakakifanya kuwa kazi ya viatu vyenye mashine. Mtoto aliyekwenda kumwona Mario hakumkuta.

Watu wanaishia hapo wanasema umeona, maskoti wamekufa. Lakini 2023 Nintendo na studio ya Illumination wakarudi na animesheni, safari hii Miyamoto mwenyewe akiwa mmoja wa maprodyuza pamoja na Chris Meledandri, na ikapita dola bilioni 1.3 duniani. Kilichobadilika ni nini? Teknolojia imo ndani, sawa, ila angalia stori. Kwenye gemu za zamani anayetekwa ni binti mfalme, kwenye hii filamu anayetekwa ni Luigi, mdogo wake. Alafu wamempa baba ambaye mezani, mbele ya familia yote, haamini kama kazi ya mwanawe itafika popote. Na ile kitu tunayoijua wote kwenye gemu, kuanguka shimoni, kurudi mwanzo, kuanguka tena, kurudi tena, wameifanya kuwa tabia yake. Kuna sehemu anafundishwa kupita vizuizi na anashindwa, anashindwa tena, anapigwa, anadondoka, anaamka. Mchezaji anajua ile ni mimi jana usiku. Asiyewahi kucheza anaona ni mtu mbishi asiyekubali kuacha, na mtu mbishi anayemtafuta mdogo wake tunamwelewa bila maelezo. Stori yenyewe ni nyepesi na wakosoaji wengi waliisema hivo, mimi pia nadhani ingeweza kupumua kidogo, ila mhusika amefika mzima, na wewe swali lako ni hilo.

Sonic, yule mnyama wa bluu wa gemu anayekimbia kwa kasi, ananifundisha zaidi kuliko Mario. Kila mtu anakumbuka trela ya Aprili 2019, ile sura yenye meno ya binadamu na macho madogo, watu wakakataa kabisa, watengenezaji wakasogeza filamu kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, wakamchora upya, Tyson Hesse ambaye alishafanya kazi na Sonic kwenye vitabu vya picha akaongoza huo mchoro, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Kutoka hapo watu wanachukua somo moja, usiguse sura. Ni kweli, sura ina kazi yake, mtoto akiona kivuli tu cha Kaloli wako lazima ajue ni yeye. Lakini sura nzuri ingemleta mtu mpaka mlangoni, haingemkalisha ndani.

Kilichomkalisha mimi nakiona kwenye tukio dogo la besiboli. Sonic anaishi mafichoni kwenye mji mdogo wa Marekani, anawatazama watu kwa mbali, usiku anakwenda uwanjani peke yake anacheza besiboli. Anarusha mpira, anakimbia kwa kasi yake anakwenda kuupiga mwenyewe, anakimbia tena kuudaka, yeye ndo timu zote mbili, yeye ndo anajisemesha kila nafasi, tunacheka. Anapiga mpira mkubwa kabisa, anazunguka uwanja, anageuka kutafuta wa kushangilia naye. Hamna mtu. Uwanja mzima uko wazi. Pale pale unaona wamefanya nini: kasi, kile kitu ambacho tangu 1991 kilikuwa raha ya kidole, wamekigeuza kikawa upweke. Mtu mwenye mbio kiasi hicho hakuna anayeweza kumshika, na hakuna anayeweza kukaa naye. Ndo wakamletea Tom, polisi wa mji ule, na muvi nzima ni hao wawili garini. Hawakuongeza kitu kigeni hata kimoja, walichimba ndani ya ile kasi tu wakakuta hicho. Nakuomba sana uitafute hiyo sehemu uiangalie hata mara kumi ukiwa na kalamu.

Na kabla ya filamu huyo huyo Sonic alikuwa na katuni za tivii tangu 1993, na vitabu vya picha vya kampuni ya Archie vilivyotoka mfululizo kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 mpaka 2017, mamia ya matoleo. Huwezi kuandika mamia ya matoleo kuhusu kukimbia. Waliandika kuhusu marafiki zake, wanaogombana, wanaopendana, wanaosalitiana, kukimbia kukabaki ni namna yake ya kufika.

Pikachu ndo mfano mkubwa kuliko wote. Gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani 1996 na mle ndani Pikachu alikuwa mmoja tu kati ya wale wanyama 151, unakutana naye porini, unamshika, unaendelea. Katuni ilipoanza Aprili 1997 wakamchagua awe mwenza wa mvulana ambaye ndo stelingi wa stori, na kipindi cha kwanza kabisa wakafanya jambo moja: Pikachu anakataa kuingia kwenye mpira wa kuwabebea hao wanyama. Kwenye gemu mpira ndo mfumo wenyewe, kila mnyama anaingia, ni kubonyeza tu. Hapa anakataa, anampiga mvulana shoti ya umeme, hataki kuamriwa, mpaka wanaposhambuliwa na ndege wakali na mvulana anasimama mbele yake kumkinga, ndo umeme ule ule unageuka kuwa wa kumtetea. Kuanzia siku hiyo anatembea nje, begani. 1998 wakatoa gemu mpya ambayo Pikachu anakufuata nyuma unapotembea na hataki kuingia kwenye mpira, yaani gemu ikaenda kuchukua kwa katuni. Hii nakuambia kwa sababu wewe unafikiria safari ya kwenda tu, kumbe ukifanya vizuri inarudi na gemu yako inakuwa bora zaidi. Shika pia kwamba Pikachu haongei. Anasema jina lake tu, kwa sauti ya Ikue Otani, na kila nchi wanaelewa amekasirika ama amefurahi, hiyo nitairudia.

Pac-Man nitampita haraka. 1980 gemu, 1982 studio ya Hanna-Barbera wakamfanyia katuni, wakampa kofia, mke, mtoto na nyumba, ikadumu misimu miwili. Walimpa familia sawa, ila ule ulaji wake wala kule kukimbizana na mizimu havikugeuka kuwa hamu ya mtu, kwa hivo jina lake linajulikana dunia nzima na bado mimi siwezi kukuambia Pac-Man ni nani.

Sasa kuna hadithi yetu wenyewe hapa Uganda na sitaki kuiruka, ingawa inauma. Januari 2018, wakati watu wanacheza VRChat, gemu ya mtandaoni ambayo unavaa sura ya mhusika unaongea na wengine, lilizuka kundi la wachezaji waliovaa sura ya Knuckles, yule mwekundu wa kwenye gemu za Sonic, amefanywa kibete, wanazunguka wakimzingira mtu, wanagonga ndimi, wanatema mate, wanaigiza lafudhi wanayodhani ni ya Mwafrika na kuuliza kama unaijua njia. Wakaiita Ugandan Knuckles. Sura ilitoka kwenye kichekesho kilichochorwa 2017 na mtu wa YouTube, na Uganda ikaingia kupitia mashabiki wa filamu za Wakaliwood, hasa Who Killed Captain Alex? ya 2010, ambayo Isaac Nabwana aliitengeneza pale Wakaliga kwa pesa kidogo sana na akili nyingi. Kazi ya mikono ya mtu wa hapa, ambayo ilitupa heshima, ikaishia kuwa kejeli kwenye mdomo wa maskoti wa kampuni ya Japani. Watoto wetu walioko nje wakawa wanaulizwa njia shuleni.

Maana yake kwako ni hii. Maskoti mtupu hasubiri mwenyewe amjaze. Yeyote anaweza kuingia ndani akavaa, na akishavaa watu milioni kumvua ni kazi. Knuckles wakati ule wengi walimjua kwa ngumi tu. Miaka minne baadaye, kwenye filamu ya pili ya Sonic ya 2022, wakampa sauti ya Idris Elba, mtu ambaye baba yake ni wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana, wakampa ukoo uliokwisha, heshima ya kivita, uzito ambao yeye mwenyewe haucheki, na 2024 akapata mfululizo wake wa tivii. Amejazwa, na leo mtoto akimtaja Knuckles anamtaja huyo. Kwa hivo zile stika unazoombwa usizitume kiholela tu kwa kuwa watu wanazitaka. Kila stika inasema Kaloli ni nani. Kama ya kwanza ni ndege anayecheka maskini anayeokota chupa, umeshamaliza, hautamrudisha.

Haya, tuje kwa ndege mwenyewe, maana hapa wewe una mali ambayo wengi hawana. Kaloli anajulikana na kila mtu Kampala na hakuna aliyemfanya kipenzi. Kipara, mfuko wa nyama unaning'inia shingoni, anaweza kufika mita moja na nusu, anasimama juu ya jaa anatazama watu mtazamo wa mzee aliyeona mengi. Miguu yake inaonekana myeupe kwa sababu anajinyea miguuni makusudi ili apunguze joto, na niamini, watoto wa darasa la tatu hicho kitu kimoja kitawamaliza. Mwambie rafiki yako asimfanye mzuri. Nimeona ule mchoro wenu, macho mmemwekea makubwa ya kupendeza na ngozi ya shingo mmeificha, rudisheni. Ubaya wake ndo kivuli chake, hakuna mwingine wa kufanana naye dukani.

Alafu sauti. Kaloli kwa kawaida ni mkimya, hana wimbo, kelele yake kubwa ni kugonganisha mdomo hasa akiwa kwenye kiota, ile kata-kata-kata kavu. Mwache hivo hivo. Usimpe maneno kabisa. Wewe ni wa Arua, umekua na Kilugbara na Kiswahili, hapa Bwaise ni Kiganda, ukienda Gulu ni Kiacholi, Kasese ni Kikonzo, ukianza kumpa Kaloli lugha unaanza kugawa watazamaji wako kabla hujawapata. Mdomo unaogongwa taratibu anawaza, unaogongwa haraka amekasirika, ukigongwa mara moja alafu kimya amekataa. Mtoto wa miaka minne anaiga kwa mikono miwili. Tom na Jerry wameingia kila nyumba yenye tivii bila kumwomba mtu ajue Kiingereza.

Na ukimya wake unaacha nafasi kwa VJ, yule anayeitafsiri muvi kwa sauti yake mwenyewe inapoonyeshwa. Wewe umekulia kwenye vibanda vya video kama sisi wote, unajua muvi ya Hong Kong ambayo hakuna anayeelewa neno VJ anaichukua anaifanya ya kwetu, anampa jambazi jina la mtaani, anamshauri stelingi asiingie kwenye ile nyumba. Kina VJ Jingo wamelea watu wazima wa leo. Wakenya nao wana DJ Afro kwa Kiswahili. Wale ni walimu wa hii kazi kabisa, kila siku wanachukua mhusika aliyetoka mbali na kumtia ndani kile mtazamaji wa hapa anachotaka kumsikia akiwaza. Katuni yako ya kwanza ikiwa haina maneno, VJ wa Kampala anaweka Kiganda, wa Arua anaweka Kilugbara, mwingine Kiswahili, na Kaloli ni yule yule kwa wote. Mimi ningeongea nao mapema, kabla hata ya kumaliza kuchora, na ningewalipa.

Sasa ile hamu. Kwenye gemu yako kidole kinaokota taka kikishindana na mvua. Uliitoa wapi hiyo mvua? Unaishi Bwaise, najua ulikoitoa. Bwaise mvua ikinyesha saa moja watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Gemu yako watu wanaipenda kwa sababu ile saa inayohesabu pale juu ni saa ambayo wameiishi, hata kama hawajui kuisema. Basi usiende kutafuta kitu cha kichawi cha kuongeza, sijui Kaloli ana nguvu za mababu, sijui ametoka sayari nyingine. Chimba hapo hapo. Makaloli wanajenga viota juu ya miti mikubwa ya mjini na miti inakatwa kila mwaka kupisha majengo. Kaloli anataka mahali pa kulala pasipoondolewa. Na chini ya huo mti weka mtoto, msichana wa miaka tisa hivi, nyumba yao inaingia maji, naye anataka mahali pa kulala pakavu. Yeye anamchukia Kaloli kwa sababu anatawanya taka alizozikusanya kwenye gunia, Kaloli hamwelewi kwa nini anamnyang'anya chakula. Wote wawili wanatazama mawingu. Una misimu mitatu ya katuni hapo na hujatumia hata pesa ya kununua rolex, ile chapati ya mayai.

Jambo moja la uzito. Kwenye gemu taka ni pointi. Ukitoka nje ya gemu taka zinakuwa za watu kweli, na hapa Kampala baada ya jaa la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30, huwezi kuchora mlima wa taka kama uwanja wa kuchezea ukadhani wote watacheka. Sisemi uikimbie. Nasema wanaookota chupa kwenye stori yako wawe na majina, wawe na akili, wawe wanajua mambo ambayo Kaloli hajui. Nenda ukae nao kabla hujaandika, wanajua plastiki ipi inanunuliwa na ipi hapana, wanajua kaloli yupi ni mkorofi, utatoka huko na visa ambavyo peke yako hutavitunga.

Uanze na nini? Anza na kile unachoweza kukirudia kila wiki bila kuuza simu yako. Angry Birds walianza na gemu 2009, katuni fupi fupi zikaja 2013, filamu ikaja 2016 ikaingiza karibu dola milioni 350, na 2023 Sega wakainunua Rovio, kampuni yenyewe iliyoitengeneza, kwa zaidi ya euro milioni 700. Kati ya gemu na filamu ni miaka saba ya kuwafahamisha watu wale ndege ni kina nani. Kwa hivo stika kwanza, zilizofikiriwa, alafu visa vya picha nne vya kutuma WhatsApp ambavyo havili bando, alafu klipu za sekunde thelathini. Kitabu cha watoto kije baada ya hapo, ukiwa na visa ambavyo watu wameshavicheka, na mashine za kuchapisha za Nasser Road zipo, tembea uliza bei kwa watu watatu wanne na uone karatasi kwa mkono kabla hujalipa. Muvi weka mbali. Na usidhani animesheni ni ya wazungu tu, Creatures Animation hapa hapa Kampala walitoa A Kalabanda Ate My Homework 2017, filamu fupi ya Raymond Malinga iliyotoka kwenye zimwi tunalolijua wote tuliosoma shule za hapa, ikatembea matamasha ya nje. Walichukua kitu cha kwetu wakakiamini, na waliianza fupi.

Alafu huyu rafiki yako aliyechora. Kaeni leo muandikiane, karatasi moja inatosha kuanza, nani anamiliki mchoro, nani anamiliki jina, pesa ya stika inagawanywaje, ya kitabu je, na mmoja akiondoka inakuwaje. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 2006 inakulinda tangu umeumba kazi, lakini jina na nembo ya Kaloli ni alama ya biashara na hiyo lazima uiandikishe kwa URSB, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara. Fanya kabla tishati za watu wengine hazijajaa soko la Owino. Nimeona urafiki mzuri wa miaka ukivunjika kwa ajili ya mhusika aliyependwa ghafla na hakuna aliyekuwa na karatasi.

Wiki hii chora kisa kimoja cha picha nne, Kaloli na yule msichana, gunia moja, mawingu yanakuja, bila neno hata moja. Usiwaonyeshe mashabiki wa gemu, wao watakujazia mapengo kwa kumbukumbu zao. Mtafute mtoto jirani ambaye hajawahi kuishika gemu yako, mpe simu, nyamaza. Akiuliza "alafu?" chora cha pili. Akiuliza pa kubonyeza, basi Kaloli bado anasubiri kidole, rudi kwenye ile hamu uchimbe tena, alafu nitumie vyote viwili nivione.